Mke Mwenzangu wa Kioo

Mume wangu hakuwahi kuoa mke wa pili, lakini mke mwenza ninaye. Anakaa kwenye ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya meno, ana tumbo la kioo refu kuliko kitanda chetu, na akipiga chafya tu mume wangu, mtunzaji wake, huacha sahani mezani akamkimbilia. Wagonjwa wenye meno mabovu humkodolea macho wakasahau hofu. Huwaona samaki wa njano na wa mistari wakipita polepole tangini. Kabati lililo chini yao hakuna anayelitazama. Vyaelea, vimeundwa, na vinaundwa humo kabatini. Ndimo maisha ya mume wangu yalimopita, magoti sakafuni na kichwa gizani.

Humo kuna tangi la pili, dogo, lisilo na samaki. Maji ya juu hushuka kwa bomba, yakapita kwenye mfuko wa kitambaa wanaouita soksi, yakapita kwenye mtambo unaotoa povu la uchafu lenye rangi ya chai iliyolala, yakapita kwenye sponji na mawe, ndipo pampu ikayarudisha kwa samaki. Kila kilichomo kinaziba, kinaganda chumvi au kinanuka. Soksi alizifua nyumbani, bila sabuni, akazianika kamba moja na magauni yangu, mpaka jirani akaniuliza huyu mume wangu ana miguu ya namna gani.

Sheria zake nimezisikia mpaka naziota. Maji yakipungua ongeza maji baridi, si ya chumvi, maana kinachopaa ni maji, chumvi hubaki. Na ile kubwa kuliko zote: tangi la chini lisafishe, usiling'arishe. Kwenye sponji na mawe wamo vijidudu wanaokula sumu ya samaki. Osha kipande leo, kingine wiki nyingine, tena kwa maji yaliyochotwa tangini, si ya bombani yenye dawa. Anayeosha vyote siku moja anawaua samaki kwa usafi wake. Haya aliyasema kwenye msiba, kwenye foleni ya benki, na mbele ya wakwe.

Tulikuwa tumejenga nyumba yetu, mbali na pale, tofali kwa tofali, na ilikuwa imekwisha. Sisi tulikuwa bado tumepanga chumba nyuma ya karakana ya magari, chumba ambacho ukitaka kufungua kabati lazima mwenzio apande kitandani. Kila nilipouliza tunahama lini, mke mwenza alikuwa na udhuru. Pampu imekufa. Wamekuja samaki wapya. Umeme haueleweki. Kwenye harusi ya binti yetu mume wangu alikaa meza ya mbele na simu mapajani, na picha zote ametoka anaangalia chini. Nilicheka na watu, nyumbani nikalia. Mazoea yana taabu, lakini taabu yenyewe tulikuwa tunaigawana, yeye na mimi, na yake alikuwa anaipenda.

Mwaka mmoja nikasema nahama, na safari hii sikuwa natishia. Akakubali upesi mno, nami kwa furaha sikushangaa. Daktari mkuu wa kliniki alitaka kwanza apatikane mtu wa kushika kazi, akachaguliwa mfagiaji wao, mwanamke mchangamfu waliyemwita Mama Ndoo. Alijifunza haraka. Mume wangu alimjaribu huku na huku, akamuuliza maswali ya mtego, na yote aliyapita. Siku aliyoniambia kwamba Mama Ndoo ameiva, alikula kimya akalala mapema. Nilidhani mtu anaionja raha ya kustaafu.

Kesho yake alikwenda kukabidhi, akashinda huko mchana kutwa, akarudi vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo. Asubuhi iliyofuata lori lilikuwa mlangoni na magodoro yamekwishapanda juu simu ya kliniki ilipolia. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, samaki wako juu wanatweta. Akatoka na kandambili. Nilimngoja, dereva akapiga honi, nikamngoja tena, kisha nikamfuata kliniki.

Nilimkuta Mama Ndoo amekumbatia fagio lake, anamwapia daktari mkuu kwamba kabati lile yeye hajaligusa. Samaki mkubwa wa njano alikuwa amekwishalala ubavu. Mume wangu alisimama pembeni, kandambili miguuni. Basi nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaingiza kichwa mle kabatini. Mlikuwa mnang'aa. Sponji zote nyeupe kama zimetoka dukani, mawe yamesuguliwa, kioo hakina hata utelezi. Na pembeni, kitambaa cha kufutia kimekunjwa pembe tatu, kama mume wangu anavyokikunja cha jikoni kwangu kila siku.

Nikainuka nikamtazama. Ndipo akasema mbele ya wote kwamba ameosha yeye, vyote, kwa maji ya bomba. Alisema mama yake aliwalea hivyo, mtu hamkabidhi mwenzake nyumba haijafagiwa, na haya zilimzidi akili. Daktari mkuu ni mtu mwema, akamshika bega. Akasema basi, itabidi abaki mpaka maji yapone, na kama ni miezi, iwe miezi. Mume wangu akashusha pumzi ndefu. Pumzi ile ndiyo iliyoniuma, kuliko samaki, kuliko lori.

Nilimvuta nje, nyuma penye mapipa ya taka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Aliangalia mikono yake. "Nilijua, mama watoto. Nilianza na sponji moja, nikasema niishie hapo. Nikachukua ya pili."

"Kwa nini?"

"Hapa naitwa Daktari wa Samaki. Kule nitakuwa mzee tu wa nyumba ya mwisho mtaani. Nikiamka, nani atakuwa ananihitaji?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa, taratibu, bila ubaya wowote. "Wewe hata nikikuacha wiki nzima, nakukuta mzima."

Miaka yote nilijisifu kwamba mimi ni mke mvumilivu, sisumbui, nikiachwa najiweza. Uvumilivu wangu yeye aliuhesabu kuwa sina haja naye. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kioo kile kwa jiwe, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Nikaondoka na lori. Mizigo aliifunga yeye, kamba baada ya kamba, vizuri kuliko wapakizi, akaomba nimwachie sufuria moja na shuka. Nikamwachia na godoro, maana mume akikosea bado mgongo anao.

Nyumba ni nzuri. Chumba kina nafasi, nafungua kabati bila kumwomba mtu radhi. Kila jioni hupiga simu kunieleza maji yameshindaje, nani kapona, nani bado anatweta, nami namsikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni, kabla ya kukata simu, nilikuwa namuuliza atakuja lini. Siku hizi siulizi, na nasikia sauti yake imekuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.