Upande wa Ndani wa Diski

Jina lisije likawadanganya: Mama Kucha hakuwa na kucha ndefu wala za kupaka rangi. Alikuwa na ukucha mmoja tu wa maana, wa kidole gumba cha mkono wa kulia, mpana, mweusi kwa grisi, na huo ndio uliomlisha miaka ishirini na sita. Ukimpelekea gari linalolia ukikanyaga breki, hakukuuliza maswali mengi. Alitoa tairi, akapitisha mkono nyuma ya diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gari lisimame, kule ambako jicho halifiki, akaburuta ukucha kutoka katikati mpaka ukingoni huku amefumba macho. Halafu alitoa hukumu. "Hii bado." Au, "Hii kwishnei, usinibishie." Na watu hawakumbishia.

Aliyembishia alikuwa mmoja tu, shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye duka la vipuri lililopakana na gereji. Ukuta wao ulikuwa mmoja na katikati kulikuwa na dirisha. Shemeji alitaka kila mteja anunue diski mpya. Mama Kucha alitaka kila mteja arudi kwake na diski zake zilezile. "Shemeji, utanifungisha duka," mwanamume alilalamika dirishani. "Funga ukalime," naye alijibu bila hata kutoa kichwa chini ya gari. Wateja waliupenda ugomvi huo, maana uliwahakikishia kwamba fundi hagawani kitu na muuza duka.

Asubuhi hiyo alikuja mwalimu wa hesabu, mwembamba, shati limechomekewa, na gari dogo la rangi ya maziwa lililokuwa likitoa mlio wa chuma juu ya chuma. Mkewe alikaa nyuma, tumbo limemtangulia, miguu imevimba. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na daktari wa hapo hakutaka kumgusa; aliwaandikia waende hospitali kubwa ya bondeni siku ileile. Na kufika bondeni ni mteremko wa kilomita kumi na nne, kona juu ya kona.

Shemeji akapanga maboksi matatu ya pedi dirishani, akayapangusa vumbi kwa kiganja. Mwalimu akauliza achukue zipi.

"Hizo za kwanza zinamomonyoka kama biskuti," Mama Kucha akasema. "Ukikanyaga mara tatu mteremkoni zinanuka, breki inalegea. Za mwisho ni za watu wa mashindano, zikiwa baridi hazishiki, na wewe hushindani na mtu. Chukua za katikati."

"Na diski?" shemeji akadakia, ameshazitoa kwenye boksi zinameremeta. "Pedi mpya juu ya diski mbovu ni kazi bure, mwalimu."

Mama Kucha akachuchumaa. Upande wa nje wa diski ulikuwa safi kabisa. Akapitisha mkono nyuma, akafumba macho, akaburuta ukucha mara moja, akarudia. Upande wa pili wa gari akafanya vilevile.

"Laini," akasema. "Zote nzima. Rudisha vyuma vyako ndani, shemeji, leo hupati kitu."

Mwalimu akacheka, mkewe akacheka, hata shemeji mwenyewe akacheka. Pedi zikafungwa, tairi zikarudi, na gari likaondoka bila mlio wowote.

Mama Kucha akaenda kunawa kwenye ndoo, na maji yakawa mekundu.

Mwanzoni alidhani ni kutu. Akatoa mkono, akautazama. Kipande cha chuma chembamba kama sindano kilikuwa kimeingia chini ya ukucha wa gumba, kikaupasua mpaka katikati, na damu ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Akakivuta kwa meno. Kikatoka na nyama kidogo. Hakusikia kitu. Akaubana ukucha uliopasuka kwa nguvu zote. Wala!

Jamani, hofu aliyoipata mama huyo tusiipunguze. Akakalia tairi bovu lililokuwa karibu. Maana si kwamba hakujua. Alijua tangu kabla ya mvua. Ganzi ilianzia ncha za vidole, kama mtu aliyevaa glavu asizoweza kuzivua. Akajiambia ni baridi. Akajiambia ni petroli ya kuoshea vyuma. Akajisugua mafuta, akameza vidonge alivyouziwa barabarani, akafunga mdomo. Amwambie nani? Alikuwa mjane anayelala chumba cha uani kwa mdogo wake, na alilala humo kwa amani kwa sababu kila jioni aliingia na mfuko mkononi. Fundi wa breki asiyesikia vidole anageuka kuwa mgeni asiyeondoka. Hilo alikuwa akiliogopa kuliko kaburi. Basi akaendelea kufumba macho na kuburuta ukucha, na panapokosekana jibu akatoa jibu alilolizoea.

Na leo diski ilikuwa imemchana mpaka nyama, naye akasema laini.

Akampigia mwalimu. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bila shaka iko mfukoni na mwenyewe ameshika usukani kwa mikono miwili, walimu walivyo. Mama Kucha akafunga kidole kwa kitambaa, akaenda dirishani.

"Shemeji, toa gari lako. Tumfuate mwalimu."

"Kuna nini?"

"Nimesahau kukaza boliti."

"Wewe? Usahau boliti?"

"Mimi malaika? Toa gari!" Halafu, kwa sauti ya chini, "Na chukua zile diski. Na kile kipimo chako cha chuma, cha kupimia unene."

"Diski za nini, kama ni boliti?"

"Chukua tu."

Shemeji akamtazama usoni, akakitazama kitambaa, akabeba alichoambiwa.

Njiani hawakutaniana. Mama Kucha alikaa mbele, simu sikioni, anapiga na kupiga, kijasho chembamba kinamtoka. Kila gari jeupe lililoonekana mbele lilimrusha moyo, na kila walipolifikia halikuwa lenyewe. Kichwani alikuwa akimwona mwalimu ameanza kushuka, kona ya kwanza, ya pili, anakanyaga, pedi mpya zinang'ata chuma kilichoisha, chuma kinapata moto. "Kimbia, shemeji," akasema. "Nakimbia," shemeji akajibu.

Walimkuta kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mteremko. Mjamzito na choo ni ndugu, na siku hiyo choo cha kituo cha mafuta kilifanya kazi ambayo simu ilishindwa. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya gari, simu mfukoni ameizima mlio, akimngojea mkewe, saa anaitazama kila mara.

"Mama! Kulikoni?"

"Boliti," shemeji akajibu badala yake. "Anadhani hakukaza moja."

"Basi kaza, mama yangu, tafadhali. Daktari anatungoja saa tano."

Shemeji akachukua spana, akazunguka tairi la kwanza, akazunguka la pili, akazijaribu boliti zote kwa uzito wake mzima. Hakuna hata moja iliyocheza.

"Zimekazwa," akasema, na hapo akamkazia macho shemeji yake. "Kama kawaida yako."

"Mungu akubariki," mwalimu akasema, uso umemkunjuka. "Umetufukuza kote huku kwa wasiwasi tu! Wako wapi mafundi wa namna hii siku hizi?" Akamfungulia mlango mkewe aliyekuwa akija polepole, mkono kiunoni.

Hapo ndipo uwongo wake ulipomnasa. Boliti zimeonekana ni nzima, mwalimu ameridhika, safari inaendelea. Kilichobaki ni Mama Kucha kuwapungia mkono. Na nisiwafiche, aliliwaza hilo. Aliwaza kwamba barabarani kuna magari mangapi yenye diski mbovu na yanafika. Aliwaza kwamba huenda ukucha ulichanwa na kitu kingine. Aliwaza chumba cha uani.

Mke wa mwalimu akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, kumshukuru. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na damu.

"Mama, unavuja damu! Nimekubana hapo penye kidonda, kwani husikii?"

"Sisikii," akasema Mama Kucha.

Likatoka hivyo, na yaliyobaki yakafuata. "Sisikii, mwanangu. Vidole vyangu vimekufa. Sikusahau boliti, nimedanganya. Diski zenu nimezipima kwa mkono usiosikia, nikawaambia laini. Msishuke. Nakuombeni, msishuke na hizo."

Shemeji akaweka jeki.

Tairi lilipotoka, mwenyewe Mama Kucha hakugusa. Alielekeza tu, na shemeji, ambaye maisha yake yote aliuza diski bila kufunga hata moja, akafungua kwa kufuata sauti. Wakaigeuza diski juani. Upande wa nje ulikuwa ule ule safi. Upande wa ndani ulikuwa na mifereji ya kulaza njiti ya kiberiti, ukingo umesimama kama wembe, na katikati palikuwa na ufa mfupi kama unywele wa kope. Ukingoni, chini ya kutu, paligongwa namba: unene usipungue milimita ishirini na mbili. Shemeji akabana kipimo. Kumi na tisa na nusu.

"Mke wangu alikuwa humu," mwalimu akasema, kwanza polepole, kisha akapaza sauti mpaka wauza mafuta wakageuka. "Mke wangu alikuwa humu! Na mtoto! Ulikuwa unafanya nini na gari langu, mama?"

Mama Kucha hakujitetea. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na akaiacha imwake.

Diski mpya zikafungwa, zote mbili. Akamwambia mwalimu akanyage pedali mpaka iwe ngumu. Akamwambia azunguke kituo mara kadhaa, akanyage kidogo na kuachia, pedi zizoeane na chuma; mteremkoni ashuke na gia ya pili, asilalie breki. Mwalimu alisikiliza akitazama pembeni. Waliondoka bila yeye kuaga. Mkewe aliinua mkono dirishani, basi.

Shemeji alikuwa akijifuta grisi, hajazoea, inazidi kuenea.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Hiyo ni miezi mitano."

"Ndiyo."

Shemeji akageuka kulitazama gari walilokuja nalo. Kila asubuhi mdogo wake Mama Kucha aliendesha gari hilo na watoto wawili nyuma.

"Hili ulilipima mwezi uliopita," akasema.

"Ndiyo."

Hakumtukana. Ingekuwa nafuu angemtukana. Akaenda kuchukua jeki, akaiweka chini ya gari lake. Mama Kucha akakaa ukingoni mwa sakafu ya kituo, hathubutu kusogea, akisikiliza nati zikiachia moja moja. Ilichukua muda mrefu. Mwisho shemeji akatoa kichwa.

"Ishirini na tatu," akasema. "Zote. Nzima." Kisha akalia, mtu mzima, spana mkononi.

Mama Kucha naye akalia, kwa sababu alijua mkono wake haukuwa na sifa yoyote katika hilo. Ilikuwa bahati tupu. Na magari mengine aliyoyaambia "hii bado" hakuwa na hakika kama yalipata bahati hiyo.

Akaitoa simu kwa mkono wa kushoto, akaanza na majina aliyoyakumbuka. Wa kwanza kupokea alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, mteja wa miaka kumi na tano.

"Mzee wangu, gari lako liko wapi?"

"Liko uani, natoka nalo sasa hivi. Kuna nini?"

"Usilitoe. Diski zile nilizokupimia, zinatakiwa kupimwa upya, kwa chuma."

Mzee akacheka kicheko kirefu cha mtu asiye na wasiwasi. "Acha mzaha, Mama Kucha. Mimi na vipimo wapi na wapi? Nauamini mkono wako."

"Usiuamini," akasema.