Siku Nyama Ilipokosa Walaji

Mwaka jana nilirudi Shinyanga kumzika shangazi yangu. Baada ya mazishi nilimwomba dereva wa bajaji anipitishe mtaa wetu wa zamani, nyuma ya stesheni. Palipokuwa na banda la nyama choma sasa pana duka la simu. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, hadi kijana wa duka akatoka. "Shikamoo mama. Nikusaidie?" Nilitikisa kichwa nikazidi kucheka. Wewe acha nikueleze.

Miaka ile ya sabini, wageni waliokuja kwa shughuli za mgodi wa almasi wa Mwadui walikula kwenye hoteli yenye vitambaa mezani. Sisi wa mtaani tulikuwa na mchomaji wetu. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye maneno machache. Banda lake lilikuwa nguzo sita na mabati, jiko la pipa lililopasuliwa katikati, na mabenchi mawili yaliyong'aa kwa kukaliwa. Sahani hakuwa nazo. Alikukatia nyama juu ya ubao, akaweka chumvi na pilipili pembeni, ukala kwa mkono na ugali wa mtama. Mpaka leo nikisikia mafuta yakidondokea makaa, mate yananijaa.

Bibi aliyenilea alipenda mbavu kupita kiasi. Wanawake wengi waliona haya kuketi pale katikati ya wanaume. Bibi hakuwa na haya hiyo. Alisukuma watu kwa nyonga, akapata nafasi, kisha akaniambia, "Kaa hapa, ng'wanawane, mwanangu. Nyama haiulizi kama wewe ni mwanamke."

Jumamosi moja, nikiwa darasa la tatu, tulikwenda kula alasiri. Njiani niliona mkokoteni wa maksai uliobeba ng'ombe aliyekufa. Alikuwa amefunikwa magunia, ila miguu ilitokeza nje, mikavu kama kuni. Mkokoteni ukakata kona upande wa banda, ukapotea. Bibi hakuuona, alikuwa ameshatangulia kuwahi benchi. Tukala, tukashiba, tukarudi nyumbani.

Jumatatu shuleni nikamsimulia rafiki yangu. Alipoonekana kutovutiwa, nikaongeza chumvi. Nikasema nilimwona ng'ombe yule akiingizwa kwa mchomaji, mlango wa nyuma. Rafiki yangu akaachama mdomo. Nilijisikia mtu mkubwa sana, kwa muda wa kama saa moja hivi.

Kufikia mchana mwalimu alishaniita kuniuliza kama ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa, maana kukana kulishakuwa kugumu. Nilipotoka shule nikapita bandani. Jiko lilikuwa linawaka, nyama iko juu ya wavu, na mabenchi yote mawili matupu. Mchomaji alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono magotini, akitazama barabara. Aliponiona aliniita kwa kichwa kama siku zote. Nilikimbia.

Nyumbani nilimkuta Bibi amelala mkekani, ameshika tumbo, anaugulia maumivu. Jirani yetu alikuwa amepiga magoti pembeni yake. "Ni kile kibudu cha Jumamosi," alisema. "Mtaa mzima unasema ni kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaoua hata watu. Wewe hujasikia?"

Nilijua nimesema uongo, lakini Bibi alikuwa anaumwa kweli. Kwa akili ya mtoto niliona jambo moja tu: uongo wangu umegeuka kuwa kweli na sasa unamuua Bibi. Nilitoka mbio hadi ofisi ya bwana mifugo, maana ndiye aliyejua magonjwa ya ng'ombe. Nilimkuta nje, anawasha pikipiki yake.

"Nilikuwa nakwenda huko huko kwa mchomaji," alisema. "Wewe ndiye uliyemwona huyo ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Panda."

Bandani watu walikuwa wamekusanyika, lakini walisimama mbali, ng'ambo ya barabara. Bwana mifugo akanisimamisha mbele yao wote.

"Ulimwona anaingizwa humu?"

Nikamtazama mchomaji. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka.

"Hapana," nikasema. "Niliona mkokoteni unakata kona. Yale mengine niliongeza." Kisha nikaanza kulia. "Lakini Bibi anakufa!"

Bwana mifugo alivua kofia, akajifuta uso. "Kona ile ndiyo njia ya joshoni, kule wanakoogeshwa ng'ombe," aliwaambia watu. "Ng'ombe yule alivunjika shingo akiletwa mnadani kutoka Didia. Mimi ndiye niliyeamuru ateketezwe, na nilisimama pale hadi moto ulipomaliza kazi. Nyama ya hapa naikagua kila asubuhi." Akavuka barabara, akaketi benchini. "Nikatie mbavu."

Alikula huku wote tukimtazama. Hakuna aliyesogea. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu: "Pisheni hapo!" Alikuwa Bibi, kanga imefungwa shagalabagala, jirani anamfuata akihema. Alikuwa ametapika, akapata nafuu, na sasa alikuwa anakiri mbele ya mtaa mzima kwamba jana yake alikula peke yake chungu kizima cha maharage yaliyochacha, kwa kuwa hakutaka yatupwe. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilimkumbatia miguu nikalia upya, ila kilio kingine kabisa, kile cha mtu aliyetuliwa gunia la pamba kichwani.

Mchomaji hakunisema. Alinikatia kipande cha ini, akanipa, akarudi kwenye jiko lake. Ningeona nafuu kama angenichapa.

Kwa hiyo nilikaa na jambo lile miaka mingi. Nilipokuwa naondoka kwenda chuo cha ualimu, nilipita kumuaga mchomaji. Alikuwa amezeeka, anachoma akiwa ameketi. Nikamwomba msamaha kwa uongo wa siku ile.

"Uongo gani, mama?"

Nikamkumbusha: bwana mifugo, watu ng'ambo ya barabara, Bibi na maharage yake. Akafikiri, kisha uso ukamfunguka.

"Ah! Siku ile! Walipoanza kula hawakuacha. Nyama iliisha kabla jua halijazama, nikaenda kupumzika na mke wangu mapema. Haikuwahi kutokea tena."

Bibi hayupo, mchomaji hayupo, na barabarani pale pananuka plastiki mpya. Lakini nilipanda bajaji nikiwa mwepesi. Siku niliyodhani nimemharibia maisha, yeye aliiweka miongoni mwa siku zake njema.