Siku Anazodaiwa Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwa wanne barazani kwetu Jadida: mimi, mdogo wangu wa mwisho, ambaye moyo wake hupiga ovyo, muuguzi aliyekuja kumtazama, na shehe aliyetusomesha Kurani sote wawili. Zilibaki siku tatu Ramadhani iingie.

Mdogo wangu alikuwa amevaa kibanio chake. Mashine yenyewe haizidi kipande cha sabuni. Waya unatoka humo na kuishia kwenye kibanio kinachobana kijinyama cha mbele ya tundu la sikio. Umeme mdogo hupita pale. Daktari aliyempa alisema sikioni pana tawi la mshipa wa fahamu ule ule unaofika moyoni, na kuuchokoza kila siku huenda kukautuliza moyo. Alisema "huenda" mara mbili. Bado wanajaribu, alisema, kwa hiyo vidonge visiachwe, na asifunge.

Kila anapokivaa, mimi humtazama shingoni, pale mshipa unaporuka. Siku nyingine hutulia. Siku nyingine hwenda kama kuku aliyefungwa miguu.

Mama alikuwa na moyo kama huo. Alianguka akipepeta mchele, nami nina miaka kumi na minne. Sikurudi tena shule. Alikufa akidaiwa siku kumi na moja za Ramadhani. Nilimfungia zote, huku nikiwapikia wadogo zangu chakula cha mchana.

Shehe alikitazama kibanio kwa mashaka. "Kitu kikiingia tunduni mwa sikio, saumu ina maneno."

"Hakiingii, shehe, kinabana nje," muuguzi alisema. "Tatizo si sikio. Ni vidonge vya mchana, na maji. Daktari kamkataza."

"Basi nitamfungia mie," nikasema.

Mdogo wangu akacheka. "Saumu si ndoo ya maji, dada, unipokee njiani. Ungeweza, ungenimezea na vidonge!"

"Kasema kweli. Aliye hai hafungiwi." Shehe akanigeukia, maana mimi ndiye mkubwa. "Nambie, mwanangu. Maradhi haya yanatarajiwa kupona? Kama hayatarajiwi, atalisha maskini kwa kila siku, na hadaiwi kitu. Kama yanatarajiwa, ni deni. Atafunga mwenyewe akipata afya."

Nilimtazama muuguzi. Muuguzi akatazama daftari lake. Nimewajibia wadogo zangu mambo yote, ya shule na ya posa. Kwa hili nikamgeukia mwenyewe.

"Niandikieni deni," mdogo wangu alisema. Hakuwa akicheka tena. Kidole chake kilikuwa juu ya kibanio. "Sitaki kulisha mtu."

Shehe hakumbishia.

Mwezi mzima alikula nyuma ya pazia la jikoni, na kila magharibi nilichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango. Ikatimia thelathini.

Sasa Rajabu imeingia, imebaki miezi miwili Ramadhani nyingine ifike. Wiki iliyopita moyo ulimwenda mbio tangu alasiri, tukamkimbiza hospitali. Alirudi asubuhi, midomo imempauka, akauliza kibanio kiko wapi. Jumatatu alitaka kuanza kulipa, walau siku moja. Muuguzi akasema bado.

Najua iko njia moja ya mimi kuruhusiwa kumlipia. Nilimlipia mama kwa njia hiyo. Nikifagia nyuma ya mlango hupitisha ufagio polepole, mkaa usifutike. Mistari yote thelathini ingali pale.