Mama Mkwe na Treni ya Bustanini

Mama mkwe wangu alinikuta nimelala kifudifudi kwenye nyasi, nimevaa kaptura, shavu limegusa udongo, nikitoa sauti ya treni kwa mdomo. Ilinibidi kuitoa mwenyewe, kwa sababu treni yangu ilikuwa ya betri na haikuwa na sauti zaidi ya mvumo wa nyuki aliyechoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Randburg, huku kusini mwa Afrika tulikohamia. Kwa watu wengine hicho ni kichekesho kidogo tu. Kwetu magharibi mwa Kenya ni balaa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani sana, na ikiwezekana hawalali chini ya paa moja. Ndiyo maana alipokuja kututembelea tulimpa chumba cha nje, ng'ambo ya bustani. Nilikuwa nimesahau kwamba anayelala ng'ambo ya bustani lazima aivuke kufuata chai.

Treni nilipewa na jirani mzee aliyekuwa akihamia kwa binti yake, akaona uchungu kuitupa. Ilikuwa na kichwa kimoja cha kijani, mabehewa matatu, rimoti ndogo ya vitufe, na reli ya kutosha kuzunguka mlimau na tuta la sukuma wiki. Sikuongeza daraja wala stesheni. Nilimwambia mke wangu ni ya watoto. Watoto waliitazama ikizunguka mara moja, kisha mkubwa akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili wanakisikia lakini hawakirudishi, kama inafanya kitu kingine. Nikasema hapana. Wakarudi ndani, na kusema kweli nilishukuru. Nafundisha chuo kikuu. Wiki nzima nakaa kwenye mikutano isiyojulikana inaelekea wapi. Treni hii nilijua inakoelekea. Ilipita nyuma ya mlimau, ikapotea, nikangoja, ikatokea. Kila ilipotokea nilifurahi, kana kwamba safari hii ingeweza kukataa.

Basi asubuhi ile sikuweza kuinuka, kwa ajili ya ile kaptura, naye hakuweza kupita, kwa kuwa reli ilimkatizia njia. Treni ikapita mbele ya miguu yake. Akainua kidogo pindo la leso aliyojifunga.

"Inaenda wapi?" akaiuliza hewa.

"Inazunguka, Mama," nikaujibu udongo.

"Inazunguka tu?"

"Ndiyo, Mama."

Akangoja ipite tena, akavuka, akaingia jikoni. Nikamsikia akimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama huko kazini wananitendea vizuri.

Niliifungia treni kwenye boksi lake. Lakini siku chache baadaye, niliporudi kutoka kazini, nilikuta kiti cha Mama kimehamia karibu na mlimau. Alikuwa amekaa na sahani ya njugu, uso ameuelekeza ukutani kwa adabu.

"Leo inaumwa?" akauuliza ukuta.

Nikaitoa haraka, nikaiweka relini, nikaenda kukaa upande wa pili wa tuta. Ilipomfikia aliisimamisha kwa kidole, akaweka njugu kwenye behewa la wazi. Ikaniletea. Nikala, nikairudisha tupu. Ikaja tena imejaa.

Kuanzia hapo tukawa tunazungumza. Si sisi kwa sisi, hapana; kila mtu alizungumza na treni.

"Wewe treni," alisema jioni moja, "mwambie mwenyewe aache kutia chumvi kabla hajaonja. Mpishi anaumia."

Treni ikazunguka. Ilipofika kwangu nikaiambia, "Mwambie Mama nimesikia."

Siku nyingine ilileta habari kwamba mke wangu akinyamaza muda mrefu, si kwamba amechoka, ni kwamba nimekosea. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kunieleza jambo hilo. Mke wangu alitutazama kutoka dirishani akasema anaona watu wazima wawili wanaosemeshana na kichezeo cha watoto, na kwamba hataki kuulizwa chochote.

Adui wetu alikuwa hadeda, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia na kelele za mlango wenye kutu. Alikuja kuchimbua minyoo, na alipenda kusimama juu ya reli. Mama alimwekea fagio karibu.

Jumapili moja walikuja wageni, familia kadhaa za kwetu tunazosali nazo. Mama akaamua kwamba mzee wa kanisa ataletewa chai kwa treni. Kikombe kikawekwa behewani. Treni ikaondoka polepole, wageni wametulia kama wako ibadani. Ilipokaribia kona, hadeda akatua relini.

"Breki," Mama akasema. Aliniambia mimi, moja kwa moja.

Nikabonyeza rimoti. Nilibonyeza kitufe kisicho cha breki. Treni ikaongeza mwendo, ikamkosa hadeda aliyeruka akipiga kelele, ikaacha reli. Chai ikaishia kwenye kiatu cha mzee wa kanisa, na kichwa cha kijani kikaanguka kwenye sukuma wiki, magurudumu yakizunguka bure. Mama na mimi tuliruka pamoja kukiokoa. Mkono wake ukatua juu ya wangu.

Bustani nzima ikaona. Mtu mmoja akakohoa. Mama hakuuondoa mkono kwa haraka.

"Hii ni ajali ya treni," akawaambia wageni kwa utulivu. "Kwenye ajali watu hushikana."

Mzee wa kanisa, akikamua soksi, alikubali kwamba hata yeye hajui andiko linalokataza.

Wageni walipoondoka nilikaa kunyoosha gurudumu kwa koleo, Mama akinishikia kichwa cha treni kwa mikono miwili. Akaniambia, akinitazama usoni, kwamba walipooana marehemu mumewe alimpeleka Mombasa kwa treni ili aone nchi.

"Ulionaje, Mama?"

"Nililala Kisumu, nikaamshwa Mombasa. Alikasirika wiki nzima."

"Na kurudi?"

"Kurudi alilala yeye. Niliona kila kitu, nikakataa kumsimulia."

Nikairudisha treni relini. Ilipepesuka kidogo kwenye kona, lakini ikapita. Akavuta kiti chake hadi karibu na changu, akaketi, akaanza kunieleza kuhusu pundamilia.