Maneno Yasiyotoka Sikioni

Nilipokuwa mtoto pale Kibuta, bibi yangu alinipa mwiko ulionitesa kuliko yote: nisimsikilize mtu anayesema na mnyama kwa lugha nisiyoijua. "Maneno usiyoyajua yakikuingia sikioni, mke mwenzangu, hayatoki," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani. Mwiko huo ulizuka pale Mama Milembe, Msukuma mwenye ng'ombe, alipohamia jirani yetu. Kila asubuhi alipokamua alimsemesha ng'ombe wake, nami nikipita kwenda kisimani niliziba masikio.

Lakini mimi na udadisi ni chanda na pete. Siku moja nilitua ndoo, nikachomoa vidole. Sauti ilipanda, ikashuka, ikatulia kidogo, kama mtu anayepepeta mchele bila haraka. Niliipenda, kusema kweli. Jioni nikawa naitwanga kinuni pamoja na mihogo, neno kwa neno, maana yake sijui. Bibi akasikia, akanipokonya mchi.

Kesho yake alinishika mkono hadi kwa jirani. Niliogopa sana, nilijua nimeshaharibika.

"Shikamoo, bibi," alisema Mama Milembe.

"Marahaba. Mtoe mjukuu wangu haya maneno yako."

Mama Milembe akaniomba niyaseme. Nikayasema. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Namwambia ng'ombe atulie, asipige ndoo teke. Basi!" Kisha akaacha kucheka. "Ila na mimi unisamehe, bibi. Ukimwaga unga pale mpakani na kusema maneno yako, wanangu huwa nawaingiza ndani wasiyasikie. Nilidhani unawaapiza ng'ombe wangu."

"Mimi? Mimi naomba mvua! Kwa Kizaramo!"

Bibi alipigwa na butwaa. Kizaramo kwake kilikuwa lugha ya kuagizia chumvi, kimtishe nani? Njia nzima ya kurudi alijisemea maneno yake polepole, kama anajisikiliza kwa mara ya kwanza.

Maneno yale hakuna aliyenitoa. Leo nafanya kazi ofisini Kibaha, na bado ninaweza kumtuliza ng'ombe kwa Kisukuma. Bibi alisema kweli. Ila yale yake ya unga, Mungu amlaze pema, sikumbuki hata moja. Yalikuwa yetu, nilijua nitayasikia kesho. Mvua ikichelewa huwa nasimama mlangoni nikilitafuta neno la kwanza, silipati, na roho inaniuma. Hayo hakuna aliyewahi kunikataza kuyasikiliza, nami sikuyasikiliza.