Kwenda Manga na Mama Mkwe wa Dereva

Niliondoka Mombasa kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo iliyonitia matatani. Ya kwanza ni dada yangu Mwanaisha, aliyeolewa na mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Kisii. Hatukuwa tumeonana tangu harusi yake. Ya pili ni habari aliyonipa mumewe, shemeji yangu Athumani, kwamba huko milimani kuna mahekalu ya kale. Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga misikiti na kukarabati mingine, na nikisikia pana jengo la kale situlii mpaka niuguse ukuta wake. Nikafunga mizigo.

Treni ilinifikisha Kisumu, na basi likanipandisha Kisii, mji mdogo wenye baridi, maduka ya mabati na migomba mpaka nyuma ya vyoo. Dada alilia aliponiona, kisha akaniambia nimenenepa. Shemeji hakupoteza wakati. Alinipatia motokaa ya dukani kwake, dereva ambaye ningemkodi mwenyewe kwa siku nzima, na mwongozaji: mzee mmoja wa chini ya jabali la Manga aitwaye Ombati, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiongoza maombi ya zamani. Jioni ya kuamkia safari tukapata habari kwamba mzee kashikwa na homa. Lakini tusijali, alisema aliyeleta salamu, mzee amemwomba dada yake atuongoze. Tungemkuta Keroka, kando ya barabara.

Asubuhi tulitoka Kisii umande haujakauka. Gari lilikuwa la boksi: viti viwili mbele, na nyuma chumba cha bati chenye mlango wake, ambamo shemeji hubebea majora ya vitambaa. Dereva aliitwa Nyakundi, kijana mrefu wa Kisabato, mpole, mwenye koti la kijivu alilolipenda sana. Njia nzima alinionyesha mashamba ya wimbi na ya pareto, na mimi nikamweleza habari za chokaa na matumbawe. Tulikuwa tumekwisha kuwa marafiki.

Keroka, malori yalikuwa yamejipanga na watu wanashusha magunia. Kando ya duka la chumvi alisimama mama mmoja mzee, mwembamba, kajifunga leso mbili, kapu mkononi. Nyakundi alipomwona alikanyaga breki mpaka nikagonga paji la uso kwenye kioo. Akafungua mlango, akashuka, akaenda kujificha nyuma ya gari. Yule mama naye akageuka akautazama ukuta wa duka.

Nilishuka nimekasirika. "Kijana, una nini?"

"Fundi, mimi siwezi kwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ni mama ya bibi yangu."

"Si vizuri basi? Mpeleke mama mkwe wako matembezi."

Hakucheka. Akanieleza jambo ambalo shemeji, kwa miaka yote aliyoishi kule, hakufikiria kuliuliza. Kwa Wakisii mume wa binti na mama mkwe wana heshima kubwa ya aibu baina yao, wenyewe huiita *ensoni*. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na kugusana ni mwiko mkubwa. "Na mimi ni mtu wa kanisa," akasema, "hiyo mambo ya zamani nimeacha. Lakini bibi yangu ako na mimba, iko karibu. Mbili zimetoka mbele yake. Wazee wanasema nikivunja hiyo heshima, hii pia haitakaa. Mimi sijui kama ni kweli, Fundi. Lakini sitaki kujaribu."

Ningekuwa na busara ningerudi Kisii nikanywe chai. Lakini nilikuwa nimetoka Mombasa. Nikaenda kwa yule mama, nikamwamkia shikamoo, akanijibu "Bwakire" akiwa bado anautazama ukuta. Jina lake Kerubo. Yeye ndiye aliyepata dawa. Angekaa nyuma, kwenye chumba cha bati, akiutazama mlango wa nyuma, na turubai litundikwe kati yake na sisi. Akitaka tupinde au tusimame atagonga bati kwa fimbo, na neno lolote atalisema kwangu mimi.

"Mwambie aendeshe pole pole," aliniambia tulipokwisha kutundika turubai. Nyakundi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, amesikia kila kitu. Ilibidi nimwambie vilevile: endesha pole pole.

Hekalu la kwanza lilikuwa nje kidogo ya Keroka. Bati liligongwa, tukasimama, Nyakundi akabaki kwenye usukani ameinamisha kichwa, na mimi nikamfuata mama mpaka kwenye jiwe kubwa katikati ya shamba la mtu. Nikalizunguka nikitafuta msingi. Hapakuwa na msingi. Palikuwa na jiwe, na juu yake kishimo kilicholainika, ambamo watu wa kale walimimina pombe ya wimbi wakiomba mavuno.

"Ukuta uko wapi?" nikauliza.

"Ukuta wa nini?" akauliza mama.

Nyansiongo tulifika jua likiwa kali. Huko ni mashamba ya Wazungu, nyasi zimekatwa, ng'ombe wanono, na waya kila mahali. Askari wa getini alitaka kujua mtu wa pwani anatafuta nini, kwa nini dereva hataki kugeuza shingo, na nyuma ya turubai kuna nini. Alipofungua mlango wa nyuma akamkuta bibi kizee kaketi juu ya gunia, akanitazama kama mwizi wa bibi vizee. Miaka ile ya mkoloni mgeni asiye na maelezo mazuri alilala ndani. Mama Kerubo akamsemesha kwa Kikisii, kwa ukali, akimnyooshea fimbo, na yule askari akatufungulia geti mwenyewe. Kumbe alikuwa amemuuliza yeye ni mtoto wa mama gani.

Hekalu la pili lilikuwa mti. Zamani palikuwa na msitu mdogo ambao hakuna aliyeukata, wakausafisha wenye shamba, ukabaki mti mmoja ambao ng'ombe hujikunia. Mama akaweka kiganja kwenye gome lake, akakaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa na hamu ya kusema kitu cha kejeli, lakini nilimwona amefumba macho, nikaenda kuwafukuza ng'ombe.

Baada ya Nyamira mawingu yalianza kukusanyika. Nyakundi akasema turudi, mvua ya huku haichelewi na njia ya Manga ni ya udongo tupu. Nikamwambia jiwe moja na mti mmoja havinitoshi. Nataka lile pango la jabali la Manga alilonisimulia shemeji. Akabadilisha gia. Nyuma ya turubai bati liligongwa: pinda.

Njiani kupanda Manga, mkono wa kulia palikuwa na ukingo wa udongo, na mkono wa kushoto hapakuwa na kitu. Nilichungulia mara moja nikaona paa za nyumba chini kabisa na moshi wake, nikaacha kuchungulia. Mvua ikaanza, ya matone makubwa, halafu ikamwagika yote kwa pamoja. Bati la gari likapiga kelele hata nikawa siisikii injini. Nyakundi alikuwa ameukaribia usukani mpaka kidevu kinaugusa, midomo yake inasali.

Sisi wawili tulitazama mbele. Mama Kerubo peke yake ndiye aliyetazama nyuma, na alichokuwa anakiona ni njia inamegeka mara tu gurudumu letu la kushoto linapopita. Aligonga bati. Akagonga tena na tena. Kwa mvua ile hatukusikia kitu.

Turubai likachanika nyuma ya sikio langu na sauti ikapasuka ndani ya gari.

"Nyakundi! Kulia! Kulia, mwanangu!"

Alikata kulia bila kuuliza. Pua ya gari ikajikita kwenye ukingo, na papo hapo upande wa nyuma ukazama. Nyakundi akaruka nje kupitia mlango wake, nami nikamfuata kwa kutambaa juu ya kiti. Tulipogeuka tukaona gurudumu la nyuma la kushoto linaning'inia hewani, na magurudumu ya mbele yanaanza kuinuka. Nikajitupa kifudifudi juu ya boneti, na kwa mara ya kwanza maishani nikamshukuru Mungu kwa unene wangu. Gari likatulia. Lakini nilijua nikijiinua tu, linakwenda, na mama yumo ndani.

Mlango wake wa nyuma ulikuwa umefunguka juu ya bonde. Hakuwa na njia isipokuwa kupitia mbele, kwenye ule mpasuko wa turubai, na sakafu aliyoikalia ilikuwa imeinama na kulowa. Nilimwona kupitia kioo cha mbele. Ameshika ubao wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Mvute!" nikamwambia Nyakundi.

Alisimama mlangoni, mikono mbele, haiendi.

"Fundi," mama akaita kutoka ndani, na hata pale, Wallahi, alisema na mimi. "Fundi, mwambie asinishike."

"Mama, utaanguka!"

"Mimi nimekwisha kula miaka. Mwambie asinishike. Mtoto iko karibu."

Nyakundi akavua koti lake, akamrushia mkono mmoja wa koti. Mama akaushika. Akamvuta, mama akapanda kidogo, goti lake likafika kwenye kiti, halafu mshono wa bega ukaachia na akateleza kurudi chini mpaka miguu ikatoka nje ya mlango. Gari likalia. Nikahisi boneti linaninyanyua. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na woga ukanigeukia hasira.

"Nyakundi! Leo nimekukodi mimi! Mimi ndiye ninayekuamuru, unasikia? Mshike! Mshike!"

Akafumba macho. Akaingia nusu mwili, akamkamata mama mkwe wake viganja vyote viwili, akavuta, na wote wawili wakaangukia kwenye tope. Alimwachia pale pale, akakimbia mbali, akainamisha kichwa kwenye ukingo akilia kwa sauti. Mama alijifunika leso usoni. Mimi nikashuka kwenye boneti, gari likateleza likakwama kwenye kisiki hatua chache chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeligeukia.

Usiku ule tulilala chini ya jabali, nyumbani kwa mzee Ombati, kaka yake mama. Mama alilala jikoni. Nyakundi alilala kwenye banda la ng'ombe, kwa hiari yake, na uji alioletewa hakuugusa.

Kulipokucha mzee Ombati aliamka na homa yake, akajizungusha blanketi, akasema twende juu kwenye pango, maana neno la namna ile halisemwi uani. Nilimshika kiuno njia yote ya kupanda. Mwili wake ulikuwa wa moto. Wazee wawili majirani walikuja kushuhudia. Hivyo ndivyo nilivyoliona hekalu la tatu: mdomo wa mwamba, giza ndani, maji yanadondoka. Sikutafuta ukuta. Nilikuwa namtazama Nyakundi aliyesimama kando, anasubiri kuambiwa mtoto wake ataishi au hataishi.

Ombati aliuliza mambo kwa Kikisii, kisha akanigeukia.

"Nani alisema dada yangu ashikwe?"

"Mimi."

"Huyu kijana alikubali?"

"Alikataa. Na mama alikataa. Nilimpigia kelele."

"Kwa nini alikusikia?"

"Nilikuwa nimemkodi, mzee."

Akakohoa. "Ulimkodi nusu siku ama siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na ulimwamuru jua halijazama?"

"Halijazama."

Akawatazama wale wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia kwa kichwa. Akasema kwa Kikisii, halafu kwa Kiswahili ili nisikie: "Basi ile mkono ilikuwa yako. Wewe si mkwe wa mtu hapa. Hakuna kitu imevunjika." Akamimina pombe ya wimbi mlangoni mwa pango, akaomba maneno machache, akaketi chini kwa uchovu. Nyakundi alipiga magoti akajifunika uso. Mama Kerubo, akiwa amempa mgongo, akaniambia: "Fundi, mwambie sasa akule."

Nikamwambia.

Gari lilivutwa na maksai, na nilirudi Kisii nikakaa kwa dada zaidi ya nilivyopanga, maana nilitaka kujua mwisho. Nilitoka pwani nikidhani nyumba ya ibada ni kazi ya mwashi. Sasa nimeona watu wameingia mahali pasipo mlango wala paa, wakatoka wamepona, na sijui tena la kujisifia katika kuta zangu.

Siku ya kuondoka Nyakundi alinisindikiza kwenye basi la Kisumu, akapanda juu kufunga mizigo yangu. Mkewe alikuja naye, amebeba kifurushi cha blanketi, na ndani yake mtoto wa kiume wa siku chache, mwekundu, amekunja ngumi. Akanikabidhi.

"Mshike, Fundi," akasema. "Mshike na ile mkono ulivuta nayo mama."

Nikamtazama Nyakundi kule juu ya basi. Alikuwa anakaza kamba iliyokwisha kukazwa, hakugeuka. Nikampokea mtoto kwa mkono wa kulia.

"Mama yako," nikamwambia mke wa Nyakundi, "hakuwa mzito."