Bomba la Pikipiki Lililotoka Ntoto

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye vilima vya Karuba, pikipiki ilitambulika kwa sauti muda mrefu kabla ya kuonekana. Tulikuwa tukipalilia maharagwe, miguu imeingia udongoni hadi vifundoni, na mmoja wetu akiinua kidole tu, wote tulinyamaza tukakisia. Ile iliyokohoa ilikuwa ya katekista. Ile iliyolia kama cherehani ilikuwa ya muuguzi. Na ile iliyopiga kishindo juu ya kishindo, kana kwamba mtu anatwanga bati kwa mchi, ilikuwa ya Papa, na hiyo haikuhitaji kidole wala ukimya, kwa kuwa hata watu wa Mushaki walikuwa wamekwisha kuisikia.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka utamu wa miaka ile bila kusaidiwa. Tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba hadi nguo zikatoboka mahali pa kukalia. Tulicheza mpira wa majani makavu uliofungwa kwa kamba, ukiloa umande hata ukawa mzito kama jiwe. Tulifukia viazi vitamu kwenye majivu, tukavila vikiwa bado vinaunguza ulimi. Shuleni tuliandika imla ya Kifaransa huku ukungu ukiingia dirishani, na mwalimu akisimama kungoja uondoke ili atuone. Watoto wa siku hizi wakikatikiwa na umeme wa simu huona dunia imefika mwisho. Sisi burudani yetu ilikuwa kusikiliza vilima.

Pikipiki ya Papa ilikuwa ya zamani, yenye silinda moja, imara kama fahali, na kwayo alibeba jibini. Alizikusanya kwa watengenezaji wa vilimani, akazipanga kwenye kikapu kilichotandikwa majani mabichi, akazishusha hadi soko la Sake. Tatizo lilikuwa bomba lake la moshi, na hasa ile sehemu ya nyuma iliyo nene, inayomeza kelele, ambayo kwetu iliitwa silansie. Maji ya mvua yalikuwa yameilia ndani kwa ndani. Papa aliiziba kwa kopo la maziwa ya unga lililopasuliwa na kufungwa kwa waya, kopo likaungua, akafunga jingine. Mwishowe hapakubaki silansie, palibaki makopo.

Njia ya kwenda Sake ilipita ndani ya shamba kubwa la ng'ombe, na mlangoni mwake palikuwa na mti uliolazwa kama kizuizi. Aliyeusimamia ni msimamizi wa shamba, mtu mrefu mwenye koti la mvua lisilovuliwa hata kwenye jua, ambaye wote tulimwita Papa Jera. Ng'ombe wake walikimbia kila kishindo kilipopita, na jioni walibana maziwa. Asubuhi moja, mimi nikiwa nimepanda nyuma kwenda kwa shangazi, alikataa kuinua mti.

"Papa Furaha," alisema kwa upole, akimwita Papa kwa jina langu, na pikipiki akiiita moto, kama ilivyo desturi kwetu, "hii moto yako inakunywa maziwa mbele ya batoto ya ngombe."

"Inabeba jibini yenu, Papa Jera."

"Jibini gani? Maziwa ikikosa, utabeba majani? Leo pita. Lakini siku ya soko inayokuya, kama iko inapiga hivi bado, huu muti hautapanda. Zunguka na huko chini."

Huko chini palikuwa na kinamasi. Hata mbuzi hawakuzunguka huko.

Jioni hiyo, mbele ya sahani ya ugali wa muhogo, Papa alisema maneno ambayo hadi leo nayasikia vilevile. Mti ule ukifungwa, angeuza pikipiki, angemfuata mdogo wake Walikale, na huko angebeba mizigo ya wachimbaji msituni. Mama aliacha kupakua.

"Unaenda kwa muda gani?"

"Nitaona huko."

"Bale balisema bataona huko, bake zabo bako banaona hapa," Mama alijibu, na akaendelea kupakua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mimi sikula. Katika darasa letu walikuwamo watoto ambao baba zao walikwenda "kuona huko", na tulijua namna walivyotazama barabara. Silansie, chuma kile kilichotoboka, ikawa kwangu jambo lililosimama kati ya Papa na msitu.

Duka la Sake halikuwa na bomba la pikipiki ya umri ule. La Goma lilitoa vicheko. Lakini baba mdogo huyohuyo wa Walikale, katika kijiji cha Ntoto, alikuwa na pikipiki ya aina hiyohiyo, iliyokufa injini na kubaki banda la kuku. Papa alimtumia habari kwa mdomo wa wafanyabiashara wa mafuta ya mawese. Tukangoja. Wasomaji wangu wanakumbuka kungoja kwa namna ile, ambako hakukuwa na wa kumpigia wala wa kumuuliza, na kila mtu aliyetokea kwenye kona huenda alikuwa ndiye.

Siku iliyotangulia soko, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alipanda kilima akitokwa jasho, na juu ya mti wa chukudu yake palilala kitu kirefu kilichoviringishwa majani ya migomba. Nilikimbia mbele yake hadi nyumbani nikipiga kelele zisizo na maneno. Papa alikata kamba. Ilikuwa silansie nzima, nzito, imesuguliwa kwa mchanga hadi ikang'aa. Na pande zote mbili ilikuwa imezibwa kwa majani yaliyosokotwa.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu, maana vijana hawaijui tena. Kwetu, chombo chochote kitokacho nyumba moja kwenda nyingine, kiwe kikapu, kibuyu au sufuria, kilikuwa na kitu ndani. Kumpelekea ndugu chombo kitupu kulikuwa ni kumwambia kwamba kwako hakuna chakula wala heshima. Sasa mke wa baba mdogo, mwanamke wa adabu zisizo na mfano, aliletewa bomba lenye mdomo na tumbo, akaambiwa linakwenda kwa shemeji yake huku kwetu Masisi. Angefanyaje? Alilijaza karanga.

Papa alipong'oa kizibo, karanga zilimwagika kwenye ungo wa Mama kama mvua. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Huyu njo mutu amefundishwa na mama yake," alisema. Tulizitafuna mbichi palepale. Papa alilitikisa bomba, akaligonga kwa kiganja, akaweka sikio kama daktari, akatamka kwamba limebaki tupu.

Kisha kazi ikaanza, na sijaona ibada iliyofanywa kwa uangalifu zaidi. Alingoja injini ipoe kabisa. Nati zilizooza kwa kutu alizinywesha mafuta ya taa, akaziacha zilainike. Pete ya shaba, ile inayokaa kati ya bomba na silinda ili moshi usivuje, ilikuwa imebanwa hadi ikawa ngumu. Aliitia kwenye makaa ya Mama hadi ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ikalia, ikatoka laini kama mpya. Alitia nati zote kwa vidole kwanza, mbele na nyuma, bila kukaza hata moja, ili bomba lipate pa kukaa lenyewe. Ndipo akakaza za mbele, kisha kibano cha katikati, na mwisho boliti ya nyuma. Mimi nilishika ungo wa nati, ambao hapo awali ulikuwa wa karanga, na sikuthubutu kupepesa macho.

Alipiga teke. Injini iliwaka kwa sauti ndogo, ya chini, yenye haya. Majirani walitoka nje, si kwa sababu wamesikia kitu, bali kwa sababu hawakusikia. Papa alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya mti. Niliamini mambo yamekwisha.

Asubuhi ya soko, kikapu kikiwa kimejaa, nilipanda tena nyuma. Mama alikuwa ametangulia kwa miguu, kwani alitaka kuona mti ukiinuka kwa macho yake. Kwenye mteremko pikipiki ilikwenda vizuri, tukampita Mama. Lakini ilipoanza kupanda, ilichoka. Papa alizidisha mafuta, nayo ikazidi kuchoka, ikihema kama mtu aliyezibwa pua, hata Mama akatupita. Na hapo nikasikia harufu. Ilikuwa nzuri mno, na haikuwa na sababu yoyote ya kuwa mahali pale.

"Papa, kuna muntu anakaanga karanga."

Mabega yake yalikuwa yameelewa.

Karanga zilikuwa zimejificha kwenye vyumba vya ndani vya silansie, nyuma ya vibati vyenye matundu, mahali ambapo kutikisa hakufiki. Injini ikiwa imetulia ziliuacha moshi upite. Ikifanya kazi ziliuziba. Tulifika kizuizini kwa kujivuta. Papa Jera alikuwa amesimama karibu na mti, na pembeni yake amefunga Gaju, ng'ombe mwekundu aliyekuwa mwoga kuliko wote, ili awe shahidi.

"Ee, kweli iko kimya," alisema, akasogea. "Iko kimya sana. Iko mugonjwa?"

Papa aliachia mafuta ili asimame. Moto uliokuwa umejikusanya ndani ya bomba ukalipuka mara moja. Sijawahi kusikia kishindo kama kile kutoka kwenye makopo yote ya maziwa tuliyopata kufunga. Karanga zilizoiva ziliruka nje, zikatapakaa njiani na kugonga koti la Papa Jera. Gaju alikata kamba, akaruka mfereji, akapotea bondeni na mkia ukiwa wima.

Papa Jera aliuangalia mti uliolala, kisha bonde, kisha Papa. Mimi niliushika mkanda wa Papa kwa mikono yote miwili, kana kwamba safari ya Walikale ingeanzia palepale.

Papa Jera aliinama, akaokota karanga kwenye mkunjo wa koti lake, akaipuliza, akaitia kinywani. Akaokota nyingine.

"Hii karanga imeiva," alisema. "Nani ametia karanga mu moto?"

Mama, aliyetutangulia kufika, ndiye aliyemjibu. Alieleza habari za Ntoto, bomba, na shemeji yake asiyeweza kutuma chombo kitupu. Papa Jera alisikiliza akitafuna. Nilimwona akiyapima maneno yale, naye alikuwa mtu wa vilima hivihivi, aliyelelewa na mama wa vilima hivihivi.

"Angetuma kitupu," alisema mwishowe, "ningefunga huu muti leo. Lakini muntu ametuma bintu na heshima, mimi nitamwazibu shemeji yake? Ngombe zinakuya kunywa maji saa sita. Mbele ya hiyo saa, toa karanga yote. Gaju akirudi, tutamuuliza yeye."

Tulivyofanya kazi saa zile, sijui kama nimewahi kufanya kazi vile tena. Tulingoja chuma kipoe, Papa akizunguka kama anayengoja mtoto kuzaliwa. Akafungua boliti ya nyuma na kibano, akaling'oa bomba. Wachungaji walilishika kichwa chini. Papa akaligonga kwa gogo pande zote, akiingiza waya na kuukunja kuzifuata kona. Mama alikusanya kilichoanguka na kuwagawia wote, maana karanga haziachwi chini. Lilipoacha kabisa kulia ndani, Papa Jera mwenyewe aliliwekea sikio, akalitikisa, akasema, "Bado moja." Ilitoka moja.

Papa alilirudisha kwa utaratibu uleule, bila kuruka hatua, ingawa ng'ombe walikuwa wameshaanza kushuka kunywa maji. Gaju alirejeshwa, akafungwa kwa kamba mpya. Papa akapiga teke.

Sauti ilitoka imejaa na ya chini, yenye pumzi ndefu. Alizidisha mafuta, ikapanda bila kupasuka. Alipita mbele ya Gaju polepole, akageuza, akapita tena. Gaju aligeuza sikio moja, akafikiri, akaendelea kucheua.

"Amesema," alisema Papa Jera, na akauinua mti.

Mama alijifunga upya kitenge, ingawa hakikuwa kimelegea, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya ugali nikasikia njaa.

Siku hizi mpwa wangu ana pikipiki mpya huko Sake, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuinunua ni kuing'oa silansie yake nzima na kuiweka chini ya kitanda. "Tantine, bila hivyo bantu hawatajua napita," ananieleza kwa subira, kama anayemfundisha mzee. Papa yangu alikaribia kuhamia msituni kwa ajili ya kile ambacho huyu amekilaza chini ya kitanda. Sigombani naye. Ana simu, akikaribia nyumbani anatuma ujumbe kwamba yuko kwenye kona, na sisi tulio ndani tunausoma, tunaendelea na mazungumzo, na hakuna anayeinua kichwa hadi mlango ufunguke. Vilima vyetu vimepitiwa na mengi tangu hapo. Wengi waliosikiliza pamoja nami wametawanyika.

Lakini nakumbuka jioni zilizofuata soko lile. Pikipiki ya Papa ilikuwa kimya kiasi kwamba haikusikika kwa bahati tu, ilitaka kusikilizwa. Jua likianza kuzama, Mama alifunika sufuria ili isitoe sauti, akamshika mdogo wangu mkono aache kugonga bakuli, akageuza uso kuelekea mteremko.

"Munyamaze kidogo," alisema. "Papa yenu iko anapanda."